Anayesema neno la kwanza, nani anamlinda?

(Maneno yaliyosemwa na mfanyakazi mmoja wa miradi mbele ya mkutano mkuu wa chama chetu, hapa Baraka. Tumeyaandika kama yalivyosemwa, tumefupisha kidogo tu.)



Kamati iliniomba niseme juu ya haki ya wafanyakazi kujiunga katika sendika. Mimi si mwanasheria. Nilisoma maendeleo ya vijijini, na tangu nimalize masomo kazi yangu ni miradi: leo barabara, kesho visima, kesho kutwa mbegu. Basi sitawasomea sheria yote. Nitawaeleza kitu kimoja nilichokifanya mimi mwenyewe, alafu tutaangalia fasi gani sheria inatusaidia na fasi gani inatuacha peke yetu.

Orodha ya siku 20

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye mradi wa kutengeneza barabara ya vijijini. Shirika lenyewe sitalitaja, na si hili linalonilipa leo. Watu walilipwa kwa siku: kuchimba mifereji, kupasua mawe, kusukuma toroli. Wengi wao walikuwa watu waliorudi, kama sisi.

Kazi yangu ilikuwa orodha. Kila asubuhi saa moja nilisimama mbele ya watu na kusoma majina. Aliyesikia jina lake alichukua jembe. Asiyesikia alirudi nyumbani. Nilikuwa nimepewa agizo: mtu akifikisha siku 20, toa jina lake, weka mwingine. Niliambiwa ni juu ya kugawa nafasi, kila familia ipate kidogo. Na kweli familia zilikuwa nyingi, kazi ilikuwa kidogo. Niliona ni haki.

Lakini wale hodari wa kupasua mawe, miezi miwili ikipita, tulikuwa tunawaita tena. Siku 20, wanapumzishwa. Miezi miwili ingine, siku 20 tena. Mama mmoja mjane, aliyerudi kutoka Nyarugusu na watoto wake, aliniuliza siku moja: "Mwanangu, kwa nini siku 20? Kwa nini si 25, ao 30?" Nikamjibu vile nilivyofundishwa, kwamba tunagawa nafasi. Akasema "sawa", akachukua jembe lake.

Jibu la kweli nililipata baadaye, niliposoma sheria ya kazi ya nchi yetu, ile namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002. Kifungu cha 40 kinasema hivi kwa maneno yangu: mtu aliyeajiriwa siku kwa siku, akishafanya siku 22 ndani ya miezi miwili, na ukamuita tena kabla miezi hiyo miwili haijaisha, basi huyo si mtu wa siku tena. Kontra yake inahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho. Anakuwa mfanyakazi kamili. Ukitaka kumuondoa unamuandikia barua, unampa sababu, unampa muda wa kujiandaa.

Siku 22 njo mlango. Ndiyo maana sisi tuliwasimamisha kwenye 20. Yule mama aliuliza swali la mwanasheria, na mimi mwenye diploma nilimpa jibu la mtoto.

Majina 11

Subirini, hiyo ilikuwa nusu tu. Siku moja jiwe lilimuangukia kijana mguu. Hakukuwa na buti, hakukuwa na dawa pale. Wenzake walimbeba kwa pikipiki, wakachanga wenyewe pesa ya hospitali. Kesho yake watu 11 walikuja na karatasi. Waliandika mambo matatu: mgonjwa atibiwe kwa pesa ya mradi, watu wapewe buti, na wachague wawili kati yao wa kuwasemea kwa wakubwa. Hawakusimamisha kazi. Hawakutukana mtu. Waliandika majina yao chini, na yule mama alikuwa wa kwanza.

Niliituma ile karatasi kwa wakubwa. Kisha wiki iliyofuata nilipokea orodha mpya. Nilisimama saa moja asubuhi, nikasoma majina kwa sauti yangu hii. Nilipofika mwisho, watu 11 walikuwa bado wamesimama. Mama akaniambia, "Angalia tena vizuri, mwanangu, pengine umeruka." Nikaangalia tena. Sikuwa nimeruka.

Hakuna aliyewafukuza, wandugu. Sikilizeni vizuri hapo. Hakuna barua iliyoandikwa, hakuna neno baya lililosemwa. Hawakuitwa tu. Kapita aliwaambia, "Kuko watu mingi wanataka kazi," na ilikuwa kweli.

Na mimi? Nilinyamaza. Kontra yangu yenyewe ilikuwa ya miezi mitatu mitatu. Nilikuwa na nyumba ya kulipa na wadogo zangu shuleni. Nawaambia hii si kwa kujipiga kifua, ni mujue tu kwamba woga hauishii kwa anayeshika jembe. Unapanda hadi kwa anayeshika kalamu.

Posho na mshahara

Tujiulize: kwa nini wale 11 hawakuenda kushitaki? Sababu moja ni umaskini. Lakini kuko sababu ingine, na sisi tuliorudi tunaijua.

Wengi wetu tulijifunza kazi kambini, Lugufu na Nyarugusu. Kule tulikuwa wageni kwenye nchi ya watu. Kutoka nje ya kambi kutafuta kazi kulikuwa na masharti yake. Aliyefundisha shuleni, aliyesaidia kwenye zahanati, aliyegawa chakula, alipewa posho. Posho haikuitwa mshahara. Ulipewa, ukashukuru. Ukilalamika, unaambiwa wewe ni mkimbizi, shukuru kwa kidogo.

Meli zilipoanza kuturudisha kutoka Kigoma hadi hapa Baraka mwaka 2005, tulishuka na masanduku, magodoro, vyuma vya baiskeli, na ile tabia pia tulishuka nayo. Bado tunapokea ujira kama posho. Lakini posho unapewa, mshahara unaudai. Tangu siku tuliyokanyaga udongo huu sisi si wageni tena. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 ni yetu, na kifungu cha 38 kinasema uhuru wa sendika unatambuliwa na kulindwa, kila Mkongomani anaweza kuanzisha sendika ao kujiunga na moja kwa hiari yake. Kifungu cha 39 kinatambua haki ya kugoma, kwa kufuata sheria.

Njia iliyopitiwa na wazee

Haki hii haikuanguka kutoka mbinguni. Mwezi wa 12 mwaka 1941, kule Lubumbashi ambayo Wabelgiji waliiita Élisabethville, wafanyakazi weusi wa Union Minière waligoma wakidai kuongezwa mshahara. Ilikuwa wakati wa vita kuu, bei zimepanda, kazi imeongezwa. Wakati ule mtu mweusi hakuwa na haki ya sendika hata moja. Tarehe 9 walikusanyika kwenye uwanja wa mpira. Askari walipiga risasi, watu makumi walikufa. Kati ya waliokufa alikuwako Léonard Mpoyi, aliyekuwa akiwasemea wenzake.

Mnaona? Aliyekuwa na neno mdomoni. Njo yeye.

Mwaka 1946 wakoloni waliruhusu sendika za watu weusi, lakini chini ya macho ya watawala. Baada ya uhuru zilikuwako kadhaa, alafu mwaka 1967 Mobutu alizikusanya zote kuwa moja, ile iliyokuja kuitwa UNTZa. Wazee waliofanya kazi kiwanda cha sukari cha Kiliba kabla ya vita ya 1996 wanakumbuka nyakati za sendika moja na chama kimoja. Kuanzia 1990 mlango ulifunguliwa tena, sendika nyingi zikaanza. Nchi yetu pia iliweka sahihi yake kwenye mapatano mawili makubwa ya Shirika la Kazi la Kimataifa: namba 98 mwaka 1969, na namba 87 mwaka 2001. Ya 87 inalinda uhuru wa kuunda chama. Ya 98 inakataza kumuadhibu mtu juu ya chama chake.

Sheria inafika wapi

Sheria ya 2002 iko na mambo mazuri, tusiidharau. Kifungu cha 62 kinasema kuwa kujiunga na sendika si sababu halali ya kumfukuza mtu. Kutafuta kuwa delege wa wafanyakazi si sababu halali. Kupeleka mashitaka si sababu halali. Mtu akifukuzwa bila sababu ya haki, tribinali inaweza kuamuru arudishwe kazini, na isipowezekana alipwe fidia inayoweza kufika mishahara ya miezi 36. Na delege aliyekwisha kuchaguliwa, patroni hawezi kumfukuza mpaka inspekta wa kazi akubali.

Sasa chukueni sheria hiyo nzuri, muiweke mbele ya wale 11.

Inamlinda delege. Lakini wao hawakuwa na delege, walikuwa wanaomba kuwa na delege. Inakataza kufukuza. Lakini wao hawakufukuzwa, hawakuitwa. Inatoa fidia kwa kuhesabu mishahara ya mwezi. Lakini wao hawakuwa na mwezi, walikuwa na siku, na siku zenyewe zilikuwa zimeandikwa kwenye daftari yangu mimi, si kwao. Tena, huwezi kwenda tribinali moja kwa moja. Kifungu cha 298 kinataka kwanza upitie kwa inspekta wa kazi mpatanishwe. Ni wazo zuri, mapatano ni bora kuliko kesi. Lakini inspekta akiwa Uvira na wewe uko huku, na barabara munaijua, nauli peke yake inamaliza shauri kabla halijaanza.

Ndiyo maana nasema sheria yetu ni kama nyumba yenye mlango mzuri wa chuma na ukuta wa matete. Aliyekwisha kuingia ndani analindwa kidogo. Aliyesimama nje akibisha hodi, yule wa kusema neno la kwanza, hana kitu. Na bila neno la kwanza hakuna sendika inayozaliwa. Patroni hana haja ya kupigana na sendika nzima ya watu 200. Anatoa majina 11 kwenye karatasi, na wale 189 wanaelewa.

Tunaomba nini

Bila kuwachosha, naona mambo manne ya kudai. Naomba chama chetu kiyaunge mkono, pamoja na sendika na mashirika ya haki za binadamu yaliyo tayari, mbele ya wabunge wetu wa Kinshasa, kwani sheria ya kazi inatungwa kule.

La kwanza: ulinzi uanze siku mtu anapofungua mdomo, si siku anapochaguliwa. Watu wakiisha kutoa karatasi ao kumjulisha inspekta kwamba wanataka kujipanga, majina yaliyo pale yalindwe kama ya delege.

La pili: kutoitwa kuhesabiwe kuwa ni kufukuzwa. Mtu aliyekuwa anaitwa kila mara, akaacha kuitwa baada ya kudai haki, si yeye wa kuonyesha ushahidi. Patroni njo aonyeshe sababu ingine ya kweli. Leo mzigo uko juu ya kichwa cha mwenye jembe, na ushahidi uko kwenye kabati ya mwenye ofisi.

La tatu: kila mtu wa kazi ya siku apewe kitabu kidogo cha siku zake, na kapita aweke sahihi kila jioni. Patroni asiyetoa kitabu, hesabu ya mfanyakazi iaminiwe. Na kuzungusha watu kwa nia ya kukwepa siku 22 kuitwe kwa jina lake, udanganyifu.

La nne: mashauri ya namna hii yasikilizwe haraka, na mtu abaki kazini mpaka neno liamuliwe. Kwa hiyo inspekta apewe pikipiki na mafuta, maana haki ya baada ya miaka miwili haimlishi mtoto wa leo.

Najua maneno yatakayosemwa huko nje. La kwanza: "Fizi hakuna kazi, mukianza sendika hata hii kidogo itakimbia." Barabara haikimbii. Mawe hayakimbii. Pesa ya mradi imekwisha kupangwa kabla jina la kwanza halijasomwa. Kinachobadilika ni nani anaumia bila dawa.

La pili: "Kugawa nafasi ni haki kwa familia nyingi." Nami nakubali! Lakini tugawe kwa wazi, kijiji kikae, kichague utaratibu, kila mtu aone. Kugawa nafasi si sawa na kutoa majina ya waliolalamika.

La tatu ni gumu zaidi, na linasemwa na sisi wenyewe: "Sendika zinakula michango." Ni kweli zingine zimekula. Lakini nani hapa anafundishwa kuchunga pesa ya wengi? Likelemba zenu zina sanduku la kufuli tatu, funguo tatu kwa mama watatu, na hesabu inasomwa mbele ya wote. Mtu anayeweza kuchunga sanduku hilo anaweza kuchunga sendika. Mlianza kambini bila kujua kusoma, na hakuna franka iliyopotea bila mtu kuulizwa.

Kwa wafadhili wetu

Wageni wetu, nasema nanyi kwa heshima. Hamkuandika lile agizo la siku 20. Lakini lilifanyika ndani ya bajeti ya mfadhili, na ripoti iliyotumwa ilionyesha kwamba watu wengi sana "walifaidika". Idadi ilikuwa ya kweli. Ilikuwa kubwa kwa sababu kila mmoja alipewa kidogo, kisha akatolewa.

Basi msingoje Kinshasa ibadilishe sheria. Ninyi muko na kalamu leo. Andikeni kwenye kontra mnazosaini na mashirika: hesabu ya siku itolewe kwa kila mfanyakazi, wafanyakazi wachague wa kuwasemea tangu wiki ya kwanza, jina lisitolewe kwenye orodha baada ya malalamiko bila sababu iliyoandikwa, na anayeumia kazini atibiwe. Mkija kutembelea mradi, msiulize tu watu wangapi wamefanya kazi. Ombeni orodha ya mwezi uliopita, muiweke kando ya ile ya sasa, muulize: hawa waliokosekana wako wapi?

Kazi ya chama chetu

Na sisi tuanze na kidogo. Napendekeza mambo mawili tu, mkutano uyapigie kura.

Kwanza, daftari. Kila mshirika anayefanya kazi ya siku, iwe barabara, mpunga, kubeba mizigo bandarini, aandike siku zake. Asiyejua kuandika amtume mtoto wake wa shule. Tarehe, fasi, jina la kapita, pesa iliyolipwa. Mwisho wa mwezi kamati iyakusanye. Tutakapokwenda kwa wabunge tutakwenda na madaftari, si na kilio.

Pili, tutoe kidogo kwenye mfuko wa kusaidiana kwa ajili ya yule aliyetolewa kwenye orodha juu ya kuwasemea wengine. Nauli ya kufika kwa inspekta, na unga wa wiki mbili. Kifo tunachangia, ndoa tunachangia, mgonjwa tunachangia. Aliyenyimwa kazi kwa ajili yetu, yeye tunampita njiani tukimpa pole.

Yule mama wa siku 20 ni mshirika wa chama hiki. Yuko hapa ndani leo, na sitamtaja. Nilikwenda kwake juma lililopita kumuomba ruhusa ya kusimulia, na kumuomba msamaha. Alinipa kiti, akanipa na maji. Alafu akaniambia: "Msamaha nimekupa. Lakini siku ingine ukishika orodha, na jina langu halimo, usiisome." Nilimuahidi.

Ninachowaomba, wandugu, ni sheria itakayofanya ahadi hiyo isitegemee moyo wa mtu mmoja aliyeshika karatasi. Baada ya mkutano nitakaa pale chini ya mwembe na daftari mpya. Anayetaka kuanza kuhesabu siku zake, aje tuanze leo.